Nani Ameiandika, kwa Mamlaka Gani? Barua ya Wazi kwa Madiwani wa Mwambao wa Tanganyika

Ujiji, Kigoma

Kwa Waheshimiwa Madiwani wa Manispaa ya Kigoma/Ujiji, Halmashauri ya Wilaya ya Kigoma na Halmashauri ya Wilaya ya Uvinza.

YAH: KUTAJA MAMLAKA YA KISHERIA KATIKA MATANGAZO YANAYOBANDIKWA MIALONI

Waheshimiwa,



Ninaendesha stesheneri hapa Ujiji. Natoa kopi, nachapa barua za maombi, nalamineti vyeti. Wateja wangu wengi ni watu wa ziwani: wenye vipe (vyombo vya kuvulia), wachuuzi wa dagaa na migebuka, akina mama wanaoanika, vijana wa boti za Kagunga na Kalya. Mara nyingi anayekuja kutoa kopi ana karatasi mkononi na swali mdomoni: "Hivi hii ni sheria?" Mimi si mwanasheria. Lakini swali hilo lina jibu, na mahali pa jibu hilo ni kwenye karatasi yenyewe. Ndicho ninachokuja kuwaomba.

Nieleze karatasi moja kama ilivyo, bila kutaja mwalo ilikotoka wala ofisi iliyoibandika. Ni A4 iliyobanduliwa ubaoni, pembe moja bado ina gundi. Juu imeandikwa TANGAZO kwa herufi kubwa. Katikati kuna katazo la kuanika dagaa sehemu fulani ya ufukwe, pamoja na kiasi cha faini. Chini: "Atakayekaidi atachukuliwa hatua kali za kisheria." Muhuri wa duara umelalia saini kiasi kwamba jina halisomeki. Namba ya kumbukumbu haipo. Hakuna sheria iliyotajwa, hakuna kifungu, wala siku katazo linapokoma. Mama aliyeileta alitaka nimwandikie barua ya kujieleza. Ajieleze kwa nani, na kwa kuvunja nini? Karatasi haisemi.

Waheshimiwa, muhuri hauipi karatasi nguvu ya sheria. Nguvu hutoka kwa mwenye mamlaka ya kuandika, na huishia pale mamlaka yake yanapoishia. Huku kwetu kila kitu kinaitwa sheria: kanuni ni sheria, agizo ni sheria, azimio la kikao ni sheria, hata neno la mtu mwenye kofia ya serikali ni sheria. Kumbe kila kimoja kina mwandishi wake, njia yake ya kuzaliwa na mlango wake wa kukipinga. Mwananchi asipojua ameshikwa kwa kipi, hajui aende wapi.

Tuanzie juu. Ibara ya 64 ya Katiba inaweka mamlaka ya kutunga sheria za Tanzania Bara mikononi mwa Bunge. Kinachopelekwa bungeni ni muswada. Husomwa mara ya kwanza, huenda kwenye kamati, wadau hutoa maoni, kisha husomwa mara ya pili na ya tatu. Ukishapita bado ni muswada mpaka Rais atoe kibali chake, ndivyo isemavyo ibara ya 97. Na hata baada ya kibali, sheria yaweza kuwekewa tarehe ya mbele ya kuanza kutumika. Redio ikisema usiku kwamba muswada umepitishwa, asubuhi mwaloni Kibirizi watu huambiana sheria imeanza. Haijaanza.

Sheria inayotugusa zaidi ni Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, Sura ya 279. Lakini mambo mengi yanayomkamatisha mvuvi, kama macho ya wavu na urefu wa samaki, hayamo humo. Yamo kwenye Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009, Tangazo la Serikali Na. 308, pamoja na marekebisho yake. Kanuni hazitungwi na Bunge. Hutungwa na Waziri kwa uwezo aliokabidhiwa ndani ya sheria mama, na Katiba inaruhusu Bunge kukabidhi uwezo huo. Mvuvi anayeona kipimo cha wavu hakifai atapoteza muda akimlaumu mbunge kwa kura ambayo hakuipiga. Kalamu iko kwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi. Na akiona kanuni imevuka mipaka ya sheria mama, anayo hoja: Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, inasema sheria ndogo inayokinzana na sheria mama ni batili kwa kiasi cha ukinzani huo.

Msidhani ni wavuvi peke yao wanaochanganya. Juni 2018 maofisa wa wizara waliingia na vipimo kwenye mgahawa wa Bunge kule Dodoma, wakapima samaki walioandaliwa kwa ajili ya waheshimiwa wabunge, wakakuta wako chini ya urefu unaoruhusiwa. Mwendesha mgahawa akatozwa shilingi 300,000, na bungeni kukawaka moto. Sheria ya mwaka 2003 ilipita bungeni; kipimo kilichowakamatisha samaki wale kiliandikwa na Waziri. Watunga sheria walikutana na kanuni mezani.

Sasa nifike kwenu, maana hapa ndipo panapochanganya zaidi. Jina "sheria ndogo" lina maana mbili, na zote ni halali. Bungeni kuna Kamati ya Sheria Ndogo. Kwake, sheria ndogo ni kila kinachotungwa chini ya sheria ya Bunge, zikiwemo kanuni za mawaziri na amri zinazochapishwa gazetini. Huku kwenye halmashauri, sheria ndogo ni zile mnazotunga ninyi madiwani. Mtu akiambiwa "umevunja sheria ndogo", hajui kama ni ya Waziri, inayofanya kazi kuanzia Kagunga mpaka Kasanga, au ni ya baraza lenu, inayoishia kwenye mpaka wa halmashauri.

Mpaka huo si jambo la kinadharia. Boti ikitoka Mwamgongo, kaskazini ya Gombe, ikashusha mzigo Kibirizi, imetoka Halmashauri ya Wilaya na kuingia Manispaa. Sheria ya Uvuvi na kanuni zake zimesafiri nayo. Sheria ndogo za wilaya zimebaki nyuma, na abiria wa boti hiyo sasa yuko chini ya sheria ndogo za Manispaa. Tena Mwamgongo ni kijiji. Kijiji kina uwezo wa kutunga sheria ndogo zake: Halmashauri ya Kijiji hupendekeza, Mkutano Mkuu wa Kijiji hujadili, na baraza lenu la wilaya huidhinisha. Kibirizi iko mjini, na serikali ya mtaa haina uwezo huo. Kwa hiyo katazo lenye muhuri wa kijiji laweza kuwa sheria ndogo iliyokamilika, na katazo lile lile lenye muhuri wa mtaa likawa ombi tu kwa majirani. Kwa macho zinafanana kabisa.

Ninyi wenyewe mnajua safari ya sheria ndogo ya halmashauri. Rasimu huandaliwa, wananchi hupewa taarifa na nafasi ya kutoa maoni au pingamizi, Baraza la Madiwani hupitisha, Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa huidhinisha, kisha huchapishwa kwenye Gazeti la Serikali na kupewa namba. Kabla ya hatua hizo, mnalo azimio. Azimio ni zito kwa mkurugenzi, linamwelekeza la kufanya. Lakini halimtozi faini muuza dagaa. Hali ni hiyo hiyo kwa vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU). Wanafanya kazi kubwa, na maazimio yao mengi yana busara kuliko karatasi nyingi nilizozipiga kopi. Lakini kikao cha BMU hakitungi kosa la jinai. Azimio lao likiwa zuri, lileteni barazani liwe sheria ndogo.

Kisha kuna amri na agizo. Amri ya Waziri iliyochapishwa gazetini ina nguvu ya sheria. Amri ya mahakama, kama ile ya zuio, inawafunga waliotajwa ndani yake na asiyeitii anaidharau mahakama. Lakini "amri" ya kiongozi aliyoitoa kwenye mkutano wa hadhara ni agizo. Linawahusu watumishi walio chini yake. Kwa mwananchi, linahitaji sheria ya kuegemea. Hata ule uwezo unaoogopwa zaidi, wa mkuu wa wilaya kuamuru mtu akamatwe, haukuanguka kutoka mbinguni. Umo kwenye Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997, una masharti yake, na ndani ya saa 48 aliyekamatwa afikishwe mahakamani au aachiwe. Nawakumbusha hilo kwa sababu sheria ikitajwa, mipaka yake nayo inatajika.

Waraka na mwongozo viko chini zaidi, ingawa vinaweza kubadili maisha ya watu kuliko sheria nyingi. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ndio ulioondoa ada kwenye shule za serikali mpaka kidato cha nne. Novemba 2021 waraka mwingine uliwafungulia shule wasichana waliokatishwa masomo kwa ujauzito. Ni mambo mema. Lakini waraka ni maelekezo ya wizara kwa watendaji wake: uliletwa na karatasi, na karatasi nyingine yaweza kuuondoa bila muswada kusomwa hata mara moja. Mzazi anayeuita sheria anajihesabia ulinzi ambao bado hajapewa.

Tuje kwenye jambo lililotutikisa sote. Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, uvuvi ulisimamishwa katika Ziwa Tanganyika. Vipe vilipandishwa nchi kavu, vichanja vikakaa wazi, bei ya dagaa mliiona wenyewe. Nilisikia mialoni maelezo ya kila aina kuhusu jambo hilo lilikotoka: wengine wakisema ni sheria ya Bunge, wengine mkataba wa Wakongo, wengine amri ya mkuu wa mkoa. Nyuma yake palikuwa na makubaliano ya nchi nne. Ziwa hili ni asilimia 45 la Kongo, 41 letu, 8 la Burundi na 6 la Zambia, na dagaa hana pasipoti. Mkataba wa usimamizi endelevu wa Ziwa Tanganyika ulisainiwa Dar es Salaam Juni 2003, nao ndio uliozaa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao Bujumbura.

Lakini mkataba unaifunga nchi kwanza, haumfungi moja kwa moja mvuvi wa Katonga. Kusaini ni ahadi ya serikali. Kuridhia ni kazi ya Bunge, kwa mikataba inayohitaji hivyo, chini ya ibara ya 63. Na ili mkataba umpeleke mtu mahakamani, lazima uingizwe kwenye sheria au kanuni za hapa nyumbani. Mvuvi aliyekutwa ziwani Juni 2024 hakuwa na kesi na Bujumbura. Alikuwa na kesi na Jamhuri ya Muungano, chini ya sheria zake za uvuvi. Nasema hivi nikiwa naunga mkono kulipumzisha ziwa. Wazee wa kipe wenyewe watawaambia giza la mwezi la zamani lilivyokuwa likijaza nyavu na giza la siku hizi lilivyo. Ila tangazo la kumwondolea mtu riziki kwa miezi mitatu lilistahili kubandikwa kila mwalo likiwa na jina la sheria, kifungu na namba ya gazeti, ili hata anayelia ajue analia na nani.

Na Kigoma, waheshimiwa, si mahali pa kushindwa somo hili, kwa sababu dunia ilijifunza sehemu yake hapa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Wabelgiji waliokuwa wameshika upande huu wa Tanganyika waliondoka, lakini kwa makubaliano ya mwaka 1921 Uingereza ikawapa maeneo katika bandari za Kigoma na Dar es Salaam kwa ajili ya shehena ya Kongo. Kodi yake ilikuwa faranga moja kwa mwaka, na muda wake ulikuwa milele. Novemba 30, 1961, siku tisa kabla ya uhuru, Mwalimu Nyerere alisimama bungeni akaeleza msimamo wake kuhusu mikataba ya wakoloni. Kuhusu maeneo hayo ya bandari, hoja yake ilikuwa kwamba Uingereza ilitawala Tanganyika kwa dhamana iliyokuwa na mipaka, na mwenye dhamana ya muda hawezi kugawa ardhi ya nchi milele. Wanasheria wa kimataifa hufundisha msimamo huo mpaka leo kwa jina lake.

Karatasi za Wabelgiji zilikuwa na saini na mihuri mizuri kuliko yote iliyopata kubandikwa Kibirizi. Mwalimu hakubishana na mihuri. Aliuliza nani ameandika, kwa mamlaka gani, na mamlaka hayo yanaishia wapi. Kwa maswali hayo aliukataa upangaji wa milele katika bandari ya Kigoma. Mama wa dagaa naye anastahili kuyauliza mbele ya A4.

Jambo moja la fedha, kwa kuwa ndilo linaloleta ugomvi mwingi. Kodi haitozwi ila kwa mujibu wa sheria ya Bunge, au kwa utaratibu uliopewa nguvu na sheria hiyo. Ndiyo ibara ya 138. Ushuru na ada za halmashauri hupata uhalali kwa njia hiyo, kupitia sheria ndogo zenu. Faini ni adhabu, na mwenye kutoa adhabu ni mahakama. Kinacholipwa kwenye ofisi ya uvuvi au ya halmashauri bila kufika kwa hakimu, kikiwa halali, kinaitwa kufifilisha kosa: mtuhumiwa anakiri kwa maandishi, analipa kiasi kilichowekwa, jambo linaishia hapo. Msingi wake ni hiari. Anayeona hana kosa anaweza kukataa kukiri na kuomba apelekwe mahakamani. Wengi wanaolipa hawajui kwamba wamekiri kosa. Wanadhani wamelipia leseni ya kurudi kazini. Na malipo yasiyo na namba ya malipo (control number) wala stakabadhi hayana jina katika orodha hii. Mnajua jina lake.

Najua yatakayosemwa. La kwanza, kwamba ukimtajia mwananchi kifungu unampa mwanya. Mwanya gani? Sheria iliyotungwa vizuri haiogopi kusomwa. Mahakamani tunaambiwa kutojua sheria si utetezi. Basi anayetudai tuijue atutajie jina la sheria yenyewe. La pili, kwamba kuna dharura. Ni kweli. Mei 2015 maelfu ya ndugu zetu wa Burundi walijazana Kagunga, kipindupindu kikazuka, MV Liemba ikawa inawasomba kuwaleta Kigoma. Wakati huo hakuna wa kuitisha baraza. Lakini Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 ilikuwapo tayari kwa ajili ya siku kama zile. Kuitaja ni mstari mmoja, na mstari mmoja hauchelewishi dawa. La tatu, kwamba lugha ya sheria ni ngumu. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021, lugha ya sheria za nchi hii ni Kiswahili. Ugumu uliobaki ni wa uvivu wa kuandika.

Kwa hiyo naomba mambo manne, na yote yamo ndani ya uwezo wenu.

Kwanza, halmashauri isibandike katazo lolote mwaloni bila kutaja sheria mama na kifungu, jina la kanuni au sheria ndogo, namba na tarehe ya Tangazo la Serikali, jina na cheo cha aliyesaini, siku ya kuanza na siku ya kukoma, na mahali pa kupeleka malalamiko.

Pili, nakala za sheria ndogo zote za halmashauri ziwekwe kwa Mtendaji wa Kata na kwenye ofisi za BMU, mahali mtu anapoweza kuzisoma bila kuandika barua ya kuomba.

Tatu, fomu ya kufifilisha kosa iwe na sentensi ya kwanza inayosema wazi kwamba mtu ana hiari ya kukataa na kwenda mahakamani, naye asomewe kabla ya kutia dole gumba.

Nne, agizo liitwe agizo, azimio liitwe azimio, na neno sheria liachiwe kilicho sheria.

Hayo hayahitaji bajeti, wala hayahitaji kusubiri Dodoma. Yanahitaji azimio moja la baraza kwa mkurugenzi, na hilo ni aina ya karatasi ambayo mamlaka ya kuiandika mnayo kamili. Wekeni ajenda hiyo kwenye kikao kijacho. Kopi za kugawa mialoni nitazitoa mimi, bila malipo.

Naomba kuwasilisha.

Mkazi wa Ujiji, mwenye stesheneri